Mteja asiyeona ameniandikia kupitia wakili: je, sheria inaligusa duka lililoko mtandaoni tu?

MuuzaKanga_Minneapolis
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninauza kanga, vitenge na viungo kupitia tovuti yangu, na wanunuzi wangu wengi ni wenzetu walioko huku Marekani. Wiki iliyopita nimepokea barua ya wakili wa New York anayemwakilisha mteja asiyeona, akidai kwamba tovuti yangu inamzuia kununua na kwamba nimevunja sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Sina duka la mtaani. Je, sheria hiyo inanihusu? Fundi wangu ananishauri niweke programu ndogo inayosemekana kurekebisha tovuti nzima kwa mstari mmoja wa msimbo. Je, itanikinga?

KaraniWaSheria
Pole, dada yangu. Barua hiyo usiipuuze, wala usiijibu kabla ya kumwona wakili wako, na uhifadhi nakala ya tovuti jinsi ilivyo leo kabla hujagusa chochote. Sheria hiyo, ADA, haitaji tovuti popote, na ndiyo maana majaji wanatofautiana. Guillermo Robles, mtu asiyeona aliyeshindwa kuagiza piza, aliishtaki kampuni ya piza ya Domino's, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba tovuti na programu ya simu ya kampuni hiyo zinaguswa na sheria, kwa kuwa ndizo zinazomfikisha mteja kwenye huduma za migahawa yenyewe. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Kwa muuzaji asiye na jengo mahakama hazijakubaliana, ila majaji kadhaa wa New York wameruhusu kesi za namna hiyo ziendelee, kwa hiyo usijione uko salama.

Chini ya ADA mlalamikaji binafsi halipwi fidia. Hupata amri ya kukulazimisha urekebishe tovuti, pamoja na gharama za wakili wake, na hizo ndizo zinazomwumiza mfanyabiashara mdogo. California ina sheria yake, Unruh, ambayo fidia yake haipungui dola 4,000 kwa kila kosa.

Asiyeona_Mombasa
Mama, naomba nikueleze yanayomkuta mteja huyo, kwa maana mimi sioni na hununua mtandaoni kila mwezi. Kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hunitamkia: "picha, picha, namba ya faili, kitufe, kitufe." Wewe unajua kwamba kanga hununuliwa kwa jina lake. Anayeona analisoma pale pichani, "Wema hauozi", akaamua kama inamfaa wifi yake au la. Mimi ninasomewa namba ya faili. Nikibahatisha moja, orodha ya malipo haifunguki mpaka mtu abofye kwa kipanya, nami ninatumia kibodi peke yake, basi ninaishia hapo na fedha zangu mkononi. Hizo programu za mstari mmoja mara nyingi hugongana na kisoma skrini changu, nikajikuta nahangaika kuzizima kwanza.

FundiTovuti
Namwunga mkono ndugu wa Mombasa. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza accessiBe, kampuni inayouza programu ya aina hiyo, dola milioni 1 kwa kudai kwamba inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize viwango vya WCAG, yaani viwango vya kimataifa vya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu. Viwango hivyo ndivyo kipimo ambacho mawakili wa pande zote hukitumia, na fundi wako anapaswa kuvifuata ndani ya tovuti yenyewe, akianzia kwenye malipo. Ukiwauzia pia walioko Ulaya, fahamu kwamba sheria yao ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, ingawa inawasamehe watoa huduma wenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato madogo.

MuuzaKanga_Minneapolis
Nawashukuru sana. Jana usiku nilipakua NVDA, kisoma skrini ambacho ni cha bure, nikazima skrini na kujaribu kununua kanga dukani kwangu mwenyewe. Sikufika hata kwenye kapu. Ninaonana na wakili Jumatatu, na baada ya kuhifadhi ile nakala nimeanza kuandika jina la kila kanga chini ya picha yake.