Msaada wakuu: nyumba mpya, nifunge mfumo gani wa kupasha joto ndani?

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Habari za jioni wakuu. Nyumba yangu iko hatua za mwisho, vyumba vitatu na sebule, nataka kitu cha kupasha joto ndani. Nimekwama kati ya hita za umeme za ukutani na boila ya dizeli ile inayosukuma maji ya moto kwenye redieta kila chumba, fundi huyu anasema hivi yule anasema vile, usingizi sipati. Mwenye uzoefu anisaidie, kejeli sitaki.

Chuma Kigumu:
Mkuu uko Gongo la Mboto unataka hita?? Mimi hapa Mburahati feni inanipulizia upepo wa moto tangu asubuhi, joto njoo ubebe bure na gunia uje nalo.

Fundi Renta:
Tuache utani. Nyumba iko wapi na umeshapaua?

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Iko mkoani, sehemu ya baridi. Tujikite kwenye swali jamani.

Fundi Renta:
Hata Singida ni mkoani. Wapi?

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Makete.

Afande Mstaafu:
Aisee umenikumbusha mujibu wa sheria JKT Mafinga, alfajiri mnaamshwa mkaoge maji yale halafu mchakamchaka, meno yanagongana mpaka wimbo hauimbiki. Na wanasema kwa Makete, Mafinga haioni ndani, kule Kitulo mwezi wa saba majani yanaamka meupe kwa sakitu. Vijana wa sasa mnalia na baridi kidogo, sisi tulitoka wanaume.

Chuma Kigumu:
Mfumo wa kupasha joto kule unaitwa ulanzi.

Binti Kinga:
Ulanzi ni pombe ya mianzi, ni wa kipindi cha mvua kaka, baridi ikikolea haupo. Usiongee usichokijua.

Fundi Renta:
Sasa tuhesabu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tano inakula unit 10, unit ukiipigia 356 ni 3,560 kwa usiku, vyumba vitatu mwezi mzima unapita laki tatu. Na kama LUKU yako iko kwenye ile tarifu ya unit 75 kwa mwezi, hita moja tu inazimaliza kwa wiki na ushee. Dizeli nayo, lita moja kwenye boila inakupa joto la kama unit 9 hivi, na bei yake unasubiri EWURA watangaze kila mwezi. Halafu watu wanasahau, boila ina pampu ya kuzungusha maji na pampu inataka umeme, umeme ukikatika redieta zinapoa na dizeli yako ipo tanki. Makete mmezungukwa na paina na milingoti, weka jiko la chuma lenye mlango na dohani, basi.

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Kuni hapana. Bati limeshagongwa, sitoboi. Na atakayekaa humo ni bi mkubwa ana pumu, moshi hautaki. Sasa hivi kwenye nyumba ya zamani usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani ndo anapata usingizi.

Binti Kinga:
Yani hilo ndo ungeanza nalo!! Mlango anafunga?

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Anafunga, baridi si inaingia.

Binti Kinga:
Mpigie simu leo. Mkaa hata ukiwa mwekundu hauna moshi unatoa ile hewa sumu, haina harufu wala rangi, mtu analala haamki. Jiko litoke nje kabla hajalala, mengine baadaye.

Mama Ushauri:
Mama hahitaji boila, anahitaji mtoto. Hamieni huko mkae nae, mnawapelekea wazazi vyuma mkidhani ndo upendo.

Fundi Renta:
Dohani si lazima itoboe bati, linatokea ukutani linapanda kwa nje. Ila kwa pumu nakuelewa, mlango wa jiko ukifunguliwa kuongeza kuni moshi kidogo lazima. Dari umeshafunga?

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Bado.

Fundi Renta:
Basi pesa ipeleke hapo kwanza, dari lenye sufi ya kuzuia joto juu yake, maana bati tupu linavujisha kila kitu, na ziba mapengo ya madirisha. Chumba cha mama weka hita moja inayojizima yenyewe. Ukiwa na uwezo tafuta kiyoyozi kile kinachopasha pia, kinachota joto la nje, unit moja inakurudishia kama tatu. Uliza vizuri dukani, nyingi za hapa Dar zinapoza tu.

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Asante fundi ila boila nimeshatoa advansi, jamaa wa Kariakoo analo mtumba la Uingereza, zima kabisa. Wazungu na baridi yao wanatumia hayohayo, hawawezi kuwa wajinga wote.

Chuma Kigumu:
Advansi shilingi ngapi?

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Nusu.

Chuma Kigumu:
Umepigwa.

Shahidi wa Pili:
Wakuu hii chai. Huyu juzijuzi alileta uzi mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na hana hata ya miwili, leo boila la Uingereza. Na kwenye ule uzi wa mchumba alisema mama yake yuko Tanga.

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Wa Tanga ni mama mkubwa. Na nyumba tunajenga watatu na kaka zangu, kodi ni yangu peke yangu. Usinipeleleze.

Shahidi wa Pili:
Ulisema "nyumba yangu". Weka picha ya hilo bati.

Afande Mstaafu:
Tungekuwa Mafinga mngelala na viatu nyote.

Binti Kinga:
Chai au si chai, mama ameshapigiwa?

Mjomba wa Gongo la Mboto:
Nimempigia, anasema atalitoa ila kesho nimtumie blanketi zito. Fundi, fuso linapakia Ijumaa, redieta moja inatosha chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili au niongeze?

Mzee wa Mbao:
Mleta uzi, ukishusha boila fuso linarudi tupu? Mbao mbili kwa nne huko shambani bei gani? Njoo inbox.