Mafia, Kilwa au Pemba: kuzamia na magofu kwa safari moja, wapi panafaa?

MwanaMbagala
Wakuu salaam. Mimi na mwenzangu tuna likizo Novemba. Yeye ana cheti cha kuzamia kwa mtungi na hataki kusikia habari nyingine. Mimi kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha, ila magofu na historia ya pwani napenda mno. Tumechuja tukabaki na Mafia, Kilwa Kisiwani na Pemba upande wa Misali. Hela si ya kutupa. Waliofika waseme, na mabaya yake wayaseme.

Kusi_na_Kaskazi
Novemba nenda Mafia, usihangaike. Upepo wa kusi umeshakata, bahari ya nje imetulia, kwa hiyo mwenzako anaweza kutolewa nje ya mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kutokea ghuba ya Chole, akaone kuta za matumbawe. Mngesema Julai ningewaambia mjiandae kubaki ndani ya ghuba ya Chole tu. Si kwamba ndani ni pabaya: kuna chewa, mikunga, kasa na matumbawe ya kila namna. Ila mzamiaji akishaambiwa kuna nje, roho haimtulii.

Halafu Novemba ni msimu wa papa potwe upande wa Kilindoni. Wanafuata uduvi, na uduvi wako juu juu, basi hata wewe wa kubahatisha unavaa boya na miwani unawaona. Kubaliana na nahodha kabla ya kupanda: asimkatie samaki njia. Akikatiwa anazama, na nyinyi mnabaki kuangalia maji.

Mchimba_Vigae
Kwa magofu peke yake, Kilwa haina mpinzani katika hizo tatu. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika 1331 akausifu uzuri wa mji huo, na hadi leo kuna vya kuona: Msikiti Mkuu na kuba zake, Husuni Kubwa na lile bwawa lake la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe pale. UNESCO iliuandika mji huo pamoja na Songo Mnara mwaka 1981, ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikautoa 2014 baada ya ukarabati. Kibali unachukua Kilwa Masoko, unapewa na mwongozaji, mnavuka kwa mashua.

Lakini mwenzako atakaa anafanya nini? Watu hawaendi Kilwa kwa ajili ya mtungi.

Mafia kuna Kua, kisiwani Juani. Ni mji wa karne nyingi ulioishia vibaya mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava wa Madagaska walipouvamia kwa mitumbwi, wakaua na kuchukua watu utumwani. Hakuna aliyeurudia kuujenga. Kuta za jumba la kifalme bado zimesimama, mizizi ya miti imezikumbatia mpaka hujui ukuta unashikwa na chokaa au na mti. Tembea ukiangalia chini: vigae vya vyungu viko njiani, vingine vya kaure vyenye rangi ya buluu. Usiokote. Hilo nasema kwa ukali kwa sababu kila anayeokota kimoja anadhani ni yeye tu.

Pweza_Mkavu
Mchimba, na ule mji uliozama karibu na Juani? Niliona picha, watu wakasema ndiyo Rhapta yenyewe.

Mchimba_Vigae
Picha zipo, mstari wa mawe chini ya maji. Ila mawe yaliyopangika hata mwamba wa pwani unayatengeneza wenyewe. Rhapta inatajwa na wasafiri wa Kigiriki wa karne ya kwanza kuwa soko la mwisho huku kwetu, na hadi leo mahali pake panabishaniwa. Wengine wanaitafuta delta ya Rufiji. Chenye uzito zaidi kwangu ni uchimbaji wa Profesa Felix Chami kwenye mapango ya Juani, kwa sababu pale kuna vitu vilivyotoka ardhini kwa tabaka. Ukifika, uliza pango la Ukunju.

Mpemba_Halisi
Naona Pemba imepigwa teke mapema. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara ni wa kina kirefu, ndiyo maana kuta za Misali zinashuka mpaka macho hayafiki, na maji ni maangavu. Kwa mzamiaji mzoefu Mafia ni darasa la watoto. Magofu tunayo: Ras Mkumbuu, na ngome ya Mkama Ndume kule Pujini. Nakubali ni machache na yametawanyika, utahitaji gari siku nzima. Na mkondo wetu una nguvu, mwenye cheti kipya asijaribu ubabe.

Kusi_na_Kaskazi
"Darasa la watoto" umezidisha, ndugu yangu. Kinasi maji yakiwa yanatoka wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hata mzoefu anashika mwamba. Ndiyo maana pale saa ya kuzamia inapangwa na maji, si na saa ya ukutani. Ila kweli tusidanganye watu: joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi sana Mafia, mwamba wa Tutia hasa. Palipopona panapendeza, pasipopona unaona.

Dada_wa_Kibiti
Mmeongea bahari yote, nauli hakuna aliyegusa. Mwenye hela ya mawazo haruki kutoka Dar. Anapanda basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, anavuka kwa kivuko hadi Kilindoni. Ulizeni ratiba siku moja kabla, na mfike mapema, abiria ni wengi na mizigo yao ni mingi zaidi. Anayelewa bahari akae nje penye upepo.

Kingine: Hifadhi ya Bahari ina lango Utende, na ukilala ndani unalipa kiingilio cha kila siku hata kama hugusi maji. Ni hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, tangu 1995, na vijiji vya watu vimo humo ndani. Sisi raia tunalipa kwa shilingi na bei yetu ni nafuu mno kuliko ya mgeni, lakini uwe na kitambulisho mkononi. Mkilala Kilindoni mko nje ya hifadhi: siku za potwe hamlipi kiingilio, siku za Chole na Kua ndipo mnalipa. Pangeni hivyo, siku za hifadhi zifuatane. Na daini risiti.

MwanaMbagala
Dada, hapo umenikata kiu. Basi Mafia. Siku mwenzangu anazamia, mimi nitavuka kisiwa cha Chole peke yangu?

Dada_wa_Kibiti
Vuka, mashua ni za kila mara kutoka ufukwe wa Utende. Utaona magofu ya Wajerumani, makao yao ya utawala yalikuwa pale kabla ya kuhamia Kilindoni 1913. Utaona na popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe, na mafundi wa majahazi wakiwepo kazini, wasalimie kwanza ndipo utoe simu ya picha. Ni kijiji cha watu, vaa vya kujisitiri. Kua iweke siku ya pili, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, yakipwa boti inakwama kwenye mikoko na mtashuka kukanyaga tope.

Kusi_na_Kaskazi
La mwisho, kama mtaamua kurudi kwa ndege: baada ya kuzamia kwa siku kadhaa mwenzako akae angalau saa 18 kabla ya kuruka, hata kama ni kile kindege kidogo na safari ni fupi. Siku hiyo ndiyo mwende wote Kua. Na mabegi yawe laini, ndege zile mzigo wanaupima kilo kwa kilo.

MwanaMbagala
Tutarudi na kivuko, mkuu. Ila Kua siku ya mwisho nimeichukua.