Fonografu ya Edison "ya kufundishia Kiswahili": nitajuaje mwaka wake?

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu wakubwa. Kuna muuzaji wa vitu vya kale hapa Lubumbashi mwenye fonografu ya Edison ya silinda, yaani mashine ya zamani ya kucheza sauti iliyochorwa juu ya silinda. Anasema ni ya mwaka 1898, imekuwa mjini hapa tangu wakati huo, na mapadri waliitumia kujifunza Kiswahili. Anataka dola 400. Nimeruhusiwa kuikagua, ila kufungua mashine amekataa.

Niliyoyaona: sanduku la mwaloni lenye upana wa sentimita 32 hivi, manivela (mpini wa kuzungushia) upande wa kulia. Sahani ndogo ya chuma ina tarehe nyingi, jina la Thomas A. Edison, namba ya mashine na maneno "Model D". Moja ya tarehe hizo ni ya 1898. Kichwa cha kusomea, chenye ncha inayopita juu ya silinda na kutoa sauti, kimepigwa mhuri wa herufi C. Kuna kichwa kingine kimeandikwa "Recorder". Tarumbeta hakuna, ila kuna mpira wenye ncha mbili za kutia masikioni.

Silinda ziko nne. Tatu ni za bluu, na majina yake yameandikwa ukingoni. Ya nne ni ya nta ya kahawia, haina maandishi yoyote, lakini juu ya mfuniko wa boksi lake mtu ameandika kwa penseli "Kisw. 4". Muuzaji alipocheza ya bluu, sentensi ileile ilijirudia mara tano. Akasema hicho ndicho kifaa cha kurudia somo.

Je, ni ya 1898? Na nitajuaje kama kweli ilikuwa ya lugha? Nilikuwa nafikiria kumwomba aweke ile ya kahawia nisikie kilichomo.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu mwalimu, kabla ya yote: silinda ya kahawia isichezwe. Tafadhali mwambie muuzaji leo hii, usingoje kesho. Sababu ziko chini.

Sasa mwaka. Tarehe zilizo kwenye sahani ni za hataza, yaani siku serikali ilipompa Edison haki ya kila uvumbuzi uliomo ndani ya mashine. Mashine iliyotengenezwa mwaka 1910 inaweza kubeba tarehe za miaka mingi iliyotangulia. Kwa hiyo usisome tarehe ya zamani kuliko zote, soma iliyo mpya kuliko zote: mashine haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kisha tazama herufi ya modeli.

Kwa vipimo ulivyotoa, hiyo ni Edison Standard, aina moja ya fonografu zake. Standard ilianza kuuzwa 1898, na hapo ndipo muuzaji alipochanganya. Za mwanzo hazikuandikwa herufi kwenye sahani; wakusanyaji wa leo ndio wanaoziita A. Model B ilikuja 1905, C mwanzoni mwa 1908, na D baadaye mwaka huohuo, ikatengenezwa hadi mwaka 1911 hivi. Iliyoandikwa D basi ni ya kati ya 1908 na 1911. Na hata bila sahani, mji wenyewe unamkana: Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ulianzishwa 1910, mwaka ambao reli ya kutoka kusini ilifika. Mwaka 1898 hapakuwa na mji wa kuiwekea.

Hakikisha sahani ni ya mashine hiyo. Angalia mambo matatu. Misumari ya sahani iwe na kutu na uchafu uleule wa chuma kinachoizunguka. Tazama mwisho wa kulia wa mhimili unaobeba silinda: A na B zina kijilango cha chuma kinachofungwa ili kushika ncha ya mhimili, lakini kuanzia C kiliondolewa. Ukikikuta kwenye mashine iliyoandikwa D, sahani imehamishwa. Mwisho, D inatakiwa kuwa na gia mbili, ya dakika mbili na ya dakika nne, kwa sababu ilitoka wakati Edison alipoleta silinda za Amberol za dakika nne, 1908.

Herufi C iliyo kwenye kichwa ni habari nyingine kabisa. Vichwa vina herufi zake, na mashine zina zake. Kichwa C ni cha 1902, cha silinda za dakika mbili. D iliuzwa na vichwa viwili, C na H. H ndicho cha dakika nne. Baadaye kikaja K, chenye ncha mbili kwenye kichwa kimoja, unakizungusha kutoka 2 kwenda 4. Kwa hiyo C kinaendana na mashine yako, ila H kimepotea.

Nta_na_Yakuti (Bukavu)

Fundi amesema sawa kuhusu sahani. Niongeze upande wa silinda, maana zile za bluu zinaharibiwa mbele ya macho yako.

Bluu ni Blue Amberol. Zilianza 1912 na zikaendelea hadi 1929, Edison alipoacha kutengeneza silinda. Ni za seluloidi juu ya kiini cha jasi. Basi silinda zako tatu ni changa kuliko mashine, na haziwezi kukuambia umri wake. Watu hununua silinda mpya kwa mashine kuukuu, ndivyo ilivyokuwa hata wakati ule.

Silinda ya dakika mbili ina mifuo (mistari ya sauti iliyochimbwa) 100 kwa inchi, ya dakika nne ina 200. Huna haja ya chombo cha maabara: chukua kioo cha kukuzia, weka rula sambamba na urefu wa silinda, mulika kwa tochi kutoka ubavuni, hesabu mifuo ndani ya milimita 5. Ikiwa kama 20, ni ya dakika mbili. Ikiwa kama 40, ni ya dakika nne. Bluu zote ni 40.

Ncha ya kichwa C ni pana mno kwa mfuo wa dakika nne. Haikai ndani, inapanda kingo na kuzikwaruza. Na kuhusu kujirudia: hicho si kifaa cha somo. Gia ikiwa kwenye 2 wakati silinda ni ya dakika nne, kichwa husukumwa mbele haraka mara mbili ya inavyotakiwa, sauti inaruka maneno. Hapa hairuki, inarudi palepale, maana yake kichwa hakisukumwi. Chini ya mkono unaobeba kichwa kuna nati nusu, kipande kidogo chenye meno kinachokalia uzi wa skrubu ndefu inayosukuma kichwa. Meno yakichakaa, au springi yake ikilegea, kichwa hubaki mahali pamoja na sindano inarudi mfuo uleule. Ni ubovu wa kawaida sana, na hurekebishika, ila unapunguza bei.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Asanteni sana, yaya zangu. Nimerudi leo. Kijilango cha kulia hakipo. Gia mbili zipo. Tarehe ya mwisho kwenye sahani inasomeka kuwa ya baada ya 1900, mwaka kamili umefutika. Ya kahawia nimeihesabu bila kuigusa: mifuo 20 katika milimita 5. Ina madoa meupe kama unga upande mmoja. Sijaona mkono mwingine wowote zaidi ya ule wa kunyanyulia kichwa.

Bado sijaelewa: nta ya kahawia si ya kabla ya 1902?

Nta_na_Yakuti (Bukavu)

Swali zuri, na wengi huanguka hapo. Silinda za kahawia zenye muziki wa dukani, ndiyo, ziliachwa 1902 Edison alipoleta nta nyeusi ya kumimina kwenye kalibu. Lakini silinda tupu za kujirekodia ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye, za nta laini, nyingi za kahawia. Rangi peke yake basi haitoshi. Iliyotoka kwenye kalibu ya kiwanda kwa kawaida ina jina au namba ukingoni. Yako haina kitu, ina mifuo 20, na kuna kichwa cha kurekodia: huyo ni mtu aliyerekodi mwenyewe. Kwa maoni yangu silinda hiyo ndiyo ya thamani katika sanduku zima. Mashine za Standard ziko nyingi duniani, lakini sauti hiyo iko hapo tu.

Sababu ya kutoicheza: kichwa C kilitengenezwa kwa nta ngumu ya kalibu, ni kizito kwa nta laini. Kila mzunguko kinachonga sauti. Kuna wanaoweka vichwa vyenye ncha ya almasi, vya Blue Amberol. Hivyo vinaharibu nta mara moja.

Madoa meupe ni kuvu. Inakula nta, na ilipokula hapaponi. Usioshe kwa maji, usitie sabuni wala spiriti. Ishike kwa kuingiza vidole viwili ndani na kuvitanua taratibu, usiguse nje. Isimame wima kama glasi, isilale. Masika ya Lubumbashi, Novemba hadi Aprili, ndiyo kuvu inapoota, kwa hiyo sehemu kavu yenye hewa ni bora kuliko mfuko wa plastiki. Na kiangazi, usiku wa Juni ukiwa wa baridi, usiitoe dirishani na kuiweka juani. Nta hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla.

Zile za bluu zina ugonjwa wake: jasi hufura kwa unyevu na silinda inakataa kuingia kwenye mhimili. Ukiisukuma kwa nguvu, inapasuka.

Himbi_12 (Goma)

Mimi naongezea swali la pili, kama ilikuwa ya lugha.

Mashine iliyojengwa maalum kwa masomo ipo. International Correspondence Schools ya Scranton, Pennsylvania, ilifundisha lugha kwa posta mwanzoni mwa karne ya 20 ikitumia fonografu za Edison. Mwanafunzi alisikiliza silinda ya somo, akarekodi majibu yake kwenye silinda tupu, akaituma Scranton isahihishwe. Nyingi za mashine hizo zina mkono wa ziada: ukiubonyeza, kichwa kinanyanyuka, kinarudishwa mifuo kadhaa, kinashuka tena. Mkono huo, pamoja na jina la shule kwenye sanduku, ndio ushahidi. Wewe huna hata kimoja. Mpira wa masikioni si ushahidi, ulitumiwa na kila mtu. Angalia tu kama kuna matundu ya skrubu yasiyo na kazi karibu na mkono wa kichwa. Yakiwepo na ndani yake mna uchafu wa zamani, huenda kifaa kiling'olewa.

Basi mashine yako ni ya kawaida ya nyumbani ambayo mtu *aliitumia* kwa lugha, na ushahidi ni maandishi ya penseli. Hilo halina aibu. Wataalamu wenyewe walitumia mashine za kawaida. Mtafiti Czekanowski alirekodi Rwanda mwaka 1907 katika msafara wa Kijerumani wa Mecklenburg, silinda zikaenda Phonogramm-Archiv, hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa 1900. Hutereau, afisa Mbelgiji, alirekodi huko Uele, kaskazini mwa Kongo, kati ya 1911 na 1913, na zake ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Archivi hiyo ya Berlin iliwaagiza warekodi wapulize kwanza filimbi ya kupimia sauti, ya mitetemo 435 kwa sekunde, ili mchezaji wa baadaye ajue kasi sahihi. Ukisikia mlio mmoja mrefu mwanzoni mwa silinda usiyoijua, usidhani ni kasoro.

Kasi ya kiwanda ni mizunguko 160 kwa dakika: bandika kikaratasi kwenye mhimili, hesabu 80 kwa sekunde 30. Kwa silinda ya kujirekodia usiiamini namba hiyo, kila mtu aliweka kasi yake.

Ukisikia siku moja mwalimu wa kwenye silinda hatofautishi *fika* na *sika*, usimlaumu. Kurekodi kwa tarumbeta kabla ya umeme wa 1925 hakukunasa mitetemo ya juu inayobeba s na f. Kozi nyingi za wakati ule zilikuja na kitabu, na humo mwanafunzi aliweza kuona konsonanti ambazo nta haikuzipeleka.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)

Kuhusu bei sasa. Mwambie muuzaji vitu vinne: ni ya 1908 hadi 1911, nati nusu imechoka, kichwa H hakipo, tarumbeta haipo. Asipopunguza, mwombe akuuzie silinda ya kahawia na boksi lake, bila mashine. Boksi lisitenganishwe nayo, penseli ile ni nusu ya maana yake.

Ukiinunua mashine, kabla ya kugusa kitu chochote ndani, legeza kamani yote, yaani springi kubwa inayoendesha mashine: iache izunguke bila silinda hadi isimame yenyewe. Kamani iliyojaa ikitoka kwenye ngoma yake inakata vidole. Mafuta ya zamani huwa gundi, yapanguse, weka mapya kidogo. Kichwa C kikipiga mlio wa nyuki, ni mpira wa duara unaoshika kiwambo uliokauka ukawa kama mfupa. Ubadilishe kwa mpira laini, usikaze sana.

Kutoa sauti ya ile ya kahawia kunahitaji mashine ya umeme yenye kichwa chepesi, kama Archéophone iliyoundwa na Henri Chamoux Ufaransa, au kupigwa picha kwa mwanga bila kuguswa. Anza kwa kuandikia Tervuren au Berlin. Tuma picha ya ukingo, ya mfuniko wenye penseli, na hesabu yako ya mifuo 20. Usitume silinda yenyewe kabla hawajakujibu namna ya kuifunga.

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Amekubali 150 kwa silinda na boksi, mashine nimeiacha. Silinda iko wima kwenye kabati kavu. Picha napiga kesho asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni.