Nadaiwa na nimeshindwa kusali: je, hofu hii ni ukosefu wa imani?

Fundi wa Makochi, Kariobangi

Bwana asifiwe, ndugu na dada. Mimi ni fundi wa makochi hapa Kariobangi, nina mke na watoto watatu, na nimeimba katika kwaya ya kanisa letu kwa miaka tisa. Mwezi wa Januari mteja aliniagiza seti ya viti saba, nikakopa elfu arobaini kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa ili ninunue mbao, sponji na kitambaa, naye baada ya kupelekewa viti akahama nyumba kabla ya kumaliza kulipa. Tangu hapo nakopa kwenye programu moja ya simu ili kulipa nyingine. Simu ikitetemeka tumbo linanikaza, na usiku naiweka chini ya godoro ili mke wangu asione mwanga wake, kwa maana sijamweleza lolote.

Jumapili iliyopita mhubiri alisoma Mathayo 6, pale Bwana Yesu anapotukataza kuyasumbukia maisha yetu, tule nini au tuvae nini. Nilitoka nje kabla ya sadaka kwa sababu nilijiona mnafiki. Naomba mnijibu mambo mawili: je, hofu hii ni dhambi? Na je, niendelee kutoa zaka ilhali nadaiwa, kwa kuwa nimeambiwa kwamba nikiacha nitajifungia baraka?

Mama wa Sare, Kayole

Pole sana, ndugu yangu. Nimesoma habari ya simu chini ya godoro nikajiona mwenyewe. Mimi hushona sare za shule, na shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 nilikuwa nimekwisha kununua vitambaa vya muhula wote kwa mkopo. Vitambaa vilikaa vimekunjwa kitandani kwa watoto hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, na mkopeshaji hakuwa akingoja shule zifunguliwe.

Kilichonishika mkono ni habari ya yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mwia wake, yaani aliyemdai, alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kama habari ya muujiza wa mafuta, lakini usiku ule niliona jambo lililotangulia muujiza: yule mama alimwendea nabii Elisha na kumwambia wazi kwamba anadaiwa. Naye Elisha hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwuliza ana kitu gani nyumbani, kisha akamtuma akaazime vyombo kwa majirani, na mwisho akamwambia auze mafuta, alipe deni, naye na wanawe waishi kwa yatakayobaki. Niliamka nikachukua daftari la mtoto, nikaandika kila deni na jina la anayenidai, nikaliweka wazi juu ya cherehani na kusali juu yake, nikimtajia Mungu kila kiasi kama kilivyoandikwa. Deni halikupungua hata shilingi usiku ule, ila nililala, na nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki nyingi.

Asubuhi nilikuwa na mpango wa kuiweka cherehani rehani. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinikataza akinionyesha Kumbukumbu la Torati 24:6, ambapo Mungu anakataza mtu asitwaliwe jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa huko ni kutwaa uhai wake. Usiuze msumeno wako wala randa yako. Na umwambie mke wako, tafadhali. Mjane yule alifunga mlango akiwa pamoja na wanawe, na ni wao waliomletea vyombo alipokuwa akimimina.

Mzee wa Kanisa, Dagoretti

Ndugu fundi, hofu uliyo nayo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane alihuzunika kiasi cha kufa, na hakuwaficha wanafunzi wake. Maneno ya Mathayo 6 aliwaambia watu waliokuwa wakiishi kwa kibarua cha siku, tena sura hiyo hiyo ndiyo iliyo na ombi la riziki ya leo, kwa hiyo yasome kama faraja ya Baba anayejua unachohitaji, wala si kama shtaka dhidi yako. Mtume Paulo naye anapowaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa neno lo lote, alikuwa amefungwa, na katika sura ile ile ya nne anawashukuru kwa msaada waliomtumia. Hakuona aibu kupokea.

Kuhusu zaka nitasema wazi, ingawa najua wapo watakaonipinga. Malaki 3 inataka zaka iletwe ghalani ili kiwemo chakula katika nyumba ya Mungu, na Kumbukumbu la Torati 14 inaonyesha kwamba zaka ya kila mwaka wa tatu ilikuwa ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Zaka ililisha wahitaji. Kuitumia kumtisha mtu ambaye watoto wake hawana chakula ni kuigeuza kinyume cha ilivyokusudiwa. Katika 2 Wakorintho 8:12 Paulo anasema kwamba kukiwa na nia, kutoa kunakubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Rudi kwenye kwaya, na sadaka ikipita mbele yako huna kitu, iache ipite.

Dada wa Umoja

Mzee, kwa heshima, mimi nilitoa zaka katika kipindi chote cha madeni yangu na sijutii, kwa sababu ilinikumbusha kila mwezi kwamba mshahara si mungu wangu. Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba tusitoe kama mtu anayecheza bahati nasibu, akingoja mara mia.

Mweka Hazina

Nimekuwa mweka hazina wa chama kwa miaka kadhaa, na ninachokiona ni kwamba anayekuja kabla ya tarehe ya kulipa husikilizwa, ilhali anayezima simu huwaudhi hata wale waliokuwa tayari kumtetea, hasa wadhamini wake. Methali 6 inamwambia aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake aende akajinyenyekeze kwa jirani yake, wala asiyape macho yake usingizi kabla ya kufanya hivyo. Nenda na kiasi chochote, hata mia tano, uombe muda.

Kwa zile programu za simu, acha kabisa kukopa hapa ili ulipe pale. Kanuni za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na zinawakataza kutumia vitisho au matusi na kuwapigia watu waliomo katika orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Wakifanya hivyo hifadhi ujumbe wao, kwa kuwa una haki ya kulalamika.

Fundi wa Makochi, Kariobangi

Mungu awabariki. Jana usiku nilimweleza mke wangu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaenda kuleta kalamu. Tuliandika pamoja: chama elfu arobaini, programu tatu elfu kumi na nane na mia tano, kodi ya karakana ya miezi miwili elfu kumi na nne, jumla elfu sabini na mbili na mia tano. Nilikuwa nikidhani ni zaidi ya laki moja, kwa sababu sikuwahi kuthubutu kujumlisha. Aliniuliza tuna nini nyumbani, bila kujua kwamba nimesoma habari ya Elisha hapa, nikakumbuka mabaki ya kitambaa yaliyojaa magunia mawili nyuma ya karakana. Anasema yanatosha kushonea mito ya makochi, na Jumamosi atajaribu kuiuza sokoni. Mweka hazina wetu nitamwona kesho asubuhi nikiwa na elfu moja mkononi. Naomba mnikumbuke saa tatu.