Wembe wa babu: nianze na jiwe namba ngapi?

Kinyozi_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Nina saluni ndogo ya kiume hapa Nkuhungu, viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Wateja nawanyoa kwa mashine, ndevu nachonga kwa kiwembe cha kubadilisha: mteja mmoja, kiwembe kimoja, nakivunja mbele ya macho yake. Huko sina shida.

Shida ni wembe wa babu. Babu alikuwa akinyoa watu pale stesheni ya Gulwe, na mwaka jana baba mdogo akanikabidhi wembe wake, ule wa kukunja, mpini mweusi, shingoni umeandikwa Solingen, ule mji wa Ujerumani wa mafundi wa nyembe. Sitaki kumnyolea mteja. Nataka ninyoe ndevu zangu mwenyewe siku ya Jumapili, basi.

Nimeshakosea tayari. Nilienda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua lile jiwe la kijivu la pande mbili ambalo wauza nyama wanalo wote, shilingi 7,500. Nikanoa kama ninavyonoa kisu cha jikoni, mgongo nimeuinua kidogo, jioni nzima. Nyanya ulikata vizuri ajabu. Shavuni ulivuta ndevu mpaka machozi yakanitoka, na leo ni siku ya tano shingo bado inawasha.

Huko kwenye video kila mtu ana lake. Mmoja anataka jiwe la namba 4000/8000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), mwingine anaapa kwa 12000, mwingine ana jiwe la Ubelgiji la bei ya ndama. Mfukoni nina laki na nusu. Ninunue lipi?

Boda_AreaC

Laki na nusu ya jiwe? Dodoma hii hii? Panda kilima cha Mlimwa ukachague unalolitaka, mimi nakupakia bure.

Seremala_Mstaafu

Marahaba, kijana, ingawa hujaniamkia.

Nianze na huyu wa boda, maana utani wake una swali ndani. Mawe ya milima yetu ni granaiti. Litazame juani: chembe nyeupe, chembe nyeusi, vipande vinavyometa, kila kimoja na ukubwa wake na ugumu wake. Panga litanoleka hapo, jembe pia. Wembe unataka jiwe ambalo chembe zake ni ndogo mno na zinalingana. Ndiyo sababu wenzetu walitafuta mwamba maalumu: Ubelgiji wana Coticule, jiwe la manjano lenye chembe za ganeti (madini magumu), Marekani wana mawe ya Arkansas, Wajerumani walichimba yao Thuringia. Ni mawe mazuri, lakini kwako wewe ni anasa.

Sasa wembe wako. Nimeshika patasi na randa miaka 31, nyembe nimezianza uzeeni, na kosa la wanafunzi wote ni hilo la kukimbilia jiwe laini. Namba 12000 inang'arisha makali yaliyopo. Wewe makali huna. Una mstari ulioharibika. Kazi kubwa iko kwenye namba 1000, na ukiinoa vibaya hapo, hata ukinunua jiwe la dhahabu utaendelea kulia shavuni.

Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu. Unalazwa. Mgongo uguse jiwe na makali yaguse jiwe, vyote kwa pamoja, kwa sababu aliyeufua alishapima unene wa mgongo ili pembe ya makali ijipange yenyewe. Ukiinua mgongo umemsahihisha fundi wa Solingen, na yeye hakukosea. Sukuma makali yakiwa mbele, ukifika mwisho ugeuze juu ya mgongo, kamwe usigeuze juu ya makali. Upana wa jiwe ni mdogo kuliko urefu wa wembe, kwa hiyo uvute mshazari, uanzie karibu na shingo umalizie nchani. Mkono mwepesi. Mizunguko ya mwisho acha uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi.

Kabla hujatoa hata senti, chukua maka peni, paka wino kwenye makali pande zote, laza, pitisha mara moja tu. Uje utuambie wino umebaki wapi.

Kwa laki na nusu mimi ningechukua jiwe la King la pande mbili, 1000 na 6000. Chenji inayobaki ni ya mkanda wa ngozi, wa kumalizia makali baada ya jiwe. Mawe hayo ni ya maji, usiyatie mafuta. Upande wa 1000 uloweke mpaka mapovu yakome. Wa 6000 unyunyizie tu. Na jiwe jipya usiliamini kuwa limenyooka. Nenda kwa mafundi aluminiamu uombe kipande cha kioo kinene, weka juu yake msasa wa maji namba 400, chora mistari ya penseli kwenye jiwe, sugua mpaka mistari yote ipotee.

La mwisho, na hili video za Ulaya hazitakwambia: vumbi. Huu upepo wetu wa Agosti ukidondosha punje moja ya mchanga kwenye jiwe la 6000, kazi ya saa nzima imekwenda. Noa ndani, dirisha limefungwa. Ukitoka 1000 kwenda 6000 osha wembe, osha jiwe, osha mikono. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo ukimaliza kausha wembe vizuri na uupake tone la mafuta ya cherehani.

Ngozi_Kondoa

Kaka, ukifika kwenye mkanda usinunue mkanda wa suruali wa dukani. Mwingi ni karatasi imepakwa plastiki. Mimi nashona viatu na pochi. Tafuta ngozi nene ya ng'ombe isiyopigwa rangi, upana wa vidole vinne, urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole na ziada kidogo. Upande laini ndio wa kunolea. Kwenye ngozi mgongo ndio unatangulia, kinyume cha jiwe. Ukisahau utaikata, na utarudi kununua nyingine, sikatai.

Kinyozi_Nkuhungu

Shikamoo mzee, na samahani. Nimepaka maka peni. Wino umetoka vizuri huku nyuma, lakini pale kwenye ncha kabisa ya makali umebaki uzi mwembamba mweusi, toka shingoni mpaka mwisho.

Seremala_Mstaafu

Huo uzi ndio jioni yako yote ya jiwe la wauza nyama. Umejenga pembe ya pili. Hutamaliza kwa mizunguko kumi. Noa kwenye 1000 upande huu na huu kwa kulingana mpaka wino usibaki popote. Ukifika hapo wembe utakata malaika (vinyweleo laini) ya mkono pasipo kusukuma. Kabla ya hapo usiuguse upande wa 6000, hata kwa udadisi.

Kinyozi_Nkuhungu

Mrejesho, wiki ya tatu. King nimelipata Dar, jamaa kaniletea kwa treni ya SGR. Kwenye 1000 nilikaa siku mbili, si kwa mfululizo. Uzi mweusi umekwisha, malaika inaanguka. Nikaenda 6000, nikaja ngozi ya dada wa Kondoa mara hamsini. Jana nimenyoa mashavu yote mawili na sikusikia kitu, ila kidevuni bado unavuta. Niongeze 12000?

Seremala_Mstaafu

Ndevu ulizilainisha kwa muda gani?

Kinyozi_Nkuhungu

Nilipaka povu nikaanza.

Seremala_Mstaafu

Taulo la maji moto, dakika tatu, halafu povu. Jaribu Jumapili mbili ndipo uniulize tena habari ya 12000.