Nimeombwa kumzungumzia Mwalimu wangu kwenye arobaini: la fimbo nilitaje au niliache?

Mtoto wa Igombe:

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina jambo linaninyima usingizi. Mwalimu wangu wa darasa la tano, ambaye kwa miaka arobaini amekuwa pia rafiki yangu kuliko mtu mwingine yeyote, alifariki hospitali ya Bugando, Mwanza, mwezi uliopita. Tumemzika kwao, upande wa Sengerema. Misa ya arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo na familia imenipa dakika kumi za kumzungumzia. Wasifu wenyewe ulishasomwa siku ya mazishi: kuzaliwa 1961, chuo cha ualimu, vituo vya kazi, kustaafu 2021, kuugua, mjane, watoto watano, wajukuu. Mimi wanataka niseme alikuwa mtu wa namna gani.

Siwezi kuueleza urafiki wetu bila kueleza ulikoanzia, na ulianzia kwenye fimbo.

Mwaka 1985 nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunaishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa mchuuzi wa dagaa na mimi ndiye mkubwa kwa wadogo zangu watatu. Waliokulia ziwani wanajua: dagaa ni wa wakati wa giza. Mwezi usipokuwepo mitumbwi inatoka jioni na karabai, inarudi alfajiri, na dagaa akishashushwa hasubiri mtu. Lazima aanikwe mapema, ageuzwe, atolewe takataka, la sivyo anaharibika na mtaji wote unakwenda. Kwa hiyo wiki za giza nilikuwa nafika shule jua limeshapanda. Wiki za mbalamwezi nafika wa kwanza.

Mwalimu alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, kahamia kwetu muda si mrefu. Siku moja alitupanga mstari wachelewaji, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimechelewa wiki nzima, nikala sita. Ya mwisho niliikinga kwa mkono ikanipata kwenye kifundo. Mkono ukavimba, siku mbili sikuweza kushika kalamu.

Siku ya tatu jioni tukaona baiskeli inashuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia dagaa. Mama akajua nimefanya kosa jingine kubwa zaidi, akaniangalia vibaya huku anamtolea mgeni kigoda. Mwalimu hakukaa. Alikuwa ameshika daftari la mahudhurio. Akasema alilipitia usiku, akaona nachelewa wiki mbili, nawahi wiki mbili, nachelewa tena wiki mbili, na hakuna mtoto mvivu anayefuata mwezi wa mbinguni kiasi hicho. Akauliza watoto wenzangu, wakamwambia. Kisha akasema maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Mama, nimempiga mwanao bila kumuuliza. Nimekuja kuomba radhi, kwako na kwake."

Akanigeukia. Sikuwahi kuona mtu mzima anamwomba mtoto radhi, sembuse mwalimu. Sikujua kinajibiwa nini. Nikasema "shikamoo", maana ndilo neno pekee nililokuwa nalo la kumwambia mkubwa. Akaitika marahaba, macho yake yakiwa mekundu.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri kengele ya baiskeli ikalia nje. Alikuja kuanika dagaa. Hakujua kazi, alikuwa anawamwaga malundo malundo kama mtu anayemwaga mchanga. Mama akamwonyesha: unachota kiasi, unarusha kwa kiganja kilicholegea, kama anayepanda mtama, dagaa wanaanguka wakiwa wametawanyika kila mmoja peke yake. Ilimchukua siku nne kuujua ule mrusho. Tukimaliza ananipakia nyuma ya baiskeli tunawahi kengele. Alifanya hivyo kila giza lilipoingia mpaka shule ilipofungwa Disemba. Na darasani shati lake likawa linanuka dagaa kama langu. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeziba pua nikikaa karibu naye.

Asilimia nilijifunzia kwenye mzani wa mama. Tulipima kilo nne za dagaa mbichi, tukawaanika, jioni tukawapima tena wakiwa wakavu, ikabaki kilo moja na kitu kidogo. Akaniuliza: je, kilichobaki ni asilimia ngapi ya tulichoanza nacho, na mama yako auze kwa bei gani ili asile hasara? Nikamwona mama ameacha kazi anasikiliza. Hesabu hiyo naifanya mpaka leo, maana nafanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Sekondari sikuchaguliwa, nafasi enzi zile zilikuwa chache mno. Mwalimu aliumia kuliko mimi.

Ndipo barua zikaanza. Alihamishiwa Magu, baadaye akarudishwa kwao. Nilikuwa nikimwandikia, na sisi Wasukuma mnatujua na herufi ya R. Naandika "habali za siku nyingi", yeye ananirudishia barua ileile imesahihishwa kwa wino mwekundu, na majibu yake kwa wino wa bluu nyuma. Nilikuwa na mke na watoto wawili bado nasahihishwa. Ninazo zote kwenye kopo la biskuti.

Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani, mdogo wangu alikuwa ndani, anatoka Bukoba. Mwalimu alivuka na feri siku hiyohiyo, akakaa nami siku tano, usiku na mchana, tukitafuta. Hatukumpata. Kila mwaka tarehe hiyo alikuwa anakuja, tunakwenda Igoma kwenye makaburi ya wale waliozikwa pale, tunasimama, tunarudi. Hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Mwaka jana alikuja na fimbo ya kutembelea.

Ujumbe wake wa mwisho kwenye simu niliupata akiwa wodini. Nilikuwa nimemwandikia harakaharaka niko sokoni, mkono ukarudia ya zamani. Akajibu: "Habari, si habali. Njoo na uji."

Sasa shida. Nilimsomea mwanawe mkubwa nilichoandika. Alisikiliza vizuri, kisha akasema: "Baba mdogo, hilo la fimbo litoe. Watakuja walimu, watakuja watu wa parokia, kila mtu ana simu. Baba atabaki kwenye simu za watu kama mwalimu aliyeumiza mtoto." Namwelewa, ni mtoto anamlinda baba yake. Lakini nikilitoa, ile asubuhi ya baiskeli inatoka pia, na huyo atakayebaki mimi simjui.

Nifanyeje?

---

Mama Wawili, Nyegezi:

Pole sana kaka yangu. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mimi nakuuliza: mjane umemuuliza? Umemsomea mtoto, lakini aliyekaa na huyo mzee ni mama. Tulipompoteza baba yetu, sisi watoto tulibishana juu ya kitu kimoja siku tatu nzima, mama amekaa kwenye mkeka hapohapo na hakuna aliyemgeukia. Nenda kwa mama kabla ya kuuliza watu wa mtandaoni.

---

Mstaafu wa Geita:

Pole mkuu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili, kwa hiyo hili linanihusu.

Miaka hiyo mchelewaji hakuulizwa. Unafika, unakuta mstari, unachapa, unaingia darasani. Ndivyo tulivyolelewa na ndivyo tulivyofanya. Kanuni za mwaka 2002 zilipokuja kusema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu, na viandikwe kwenye daftari, wengi wetu tulinung'unika kwamba tunanyang'anywa meno. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nina majina ya watoto kichwani ambao ningetaka kwenda kwao na baiskeli. Wengine sijui waliko, wawili najua walishakufa.

Huyo mwenzangu alikwenda ndani ya siku tatu, na hapakuwa na kanuni iliyomtuma. Walimu watakaokuwa kwenye hiyo misa ndio wanaohitaji kulisikia kuliko wote. Liseme, na idadi itaje.

---

Kijana wa Pasiansi:

Mimi natofautiana na mzee wa Geita, kwa heshima zote. Arobaini ni ya familia. Wewe ni rafiki, umekaribishwa. Mwenye msiba akikwambia jambo fulani lisitajwe, unaliacha, hata kama ni zuri. Yeye ndiye ataulizwa na ndugu jioni. Liandike lote, mpe yule mwanawe, wajukuu watasoma wakikua. Kusimama mbele za watu na kusema alichokukataza ni kumvunjia heshima akiwa na kidonda kibichi.

---

Wa Kome:

Mwalimu huyu alikuwa anapanda feri pale Kigongo na baiskeli nyeusi, mfukoni kalamu mbili, nyekundu na ya bluu? Kama ndiye, alinisahihishia barua ya kuomba kazi tukiwa kwenye foleni ya feri Busisi mwaka 2009. Hakunijua wala sikumjua. Aliniona naandika juu ya goti akaomba asome. Kazi niliipata.

Apumzike kwa amani. Sikujua kwamba ameondoka, nimejua leo hapa.

---

Mtoto wa Igombe:

Wa Kome, ndiye. Asante kwa hilo, nimemsomea mjane na amelia.

Narudi kueleza maana wengi mmeniandikia. Kijana wa Pasiansi, maneno yako yalinizuia kweli. Nilikuwa nimeshaamua kuliacha. Ila nilifuata ushauri wa Mama Wawili, nikavuka kwenda kwa mama, yule mjane, Alhamisi. Hilo daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu, unalipita kwa dakika chache. Mwalimu alisubiri feri ile maisha yake yote. Lilipofunguliwa Juni 2025 alikuwa tayari hoi, tukampitisha kwa gari mara moja, akaomba dereva aende polepole. Mara ya pili kupita alikuwa kwenye jeneza.

Mama nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza. Akaendelea kupepeta, nikadhani hajanisikia. Kisha akasema: "Tulikuwa na miezi minne ya ndoa. Alirudi siku ile hakula. Siku ya pili hakula. Nikamwambia, kama ni yule mtoto, nenda kwao, mimi sitapika tena chakula cha kumwagwa." Miaka arobaini nimekula mezani kwake na sikuwahi kujua kwamba aliyemtuma ni yeye.

Akamwita mwanawe, akamwambia mbele yangu: "Baba yako hakulificha hili kwangu. Wewe unamfichia nani?" Kijana hakujibu. Mimi nikamwambia kwamba bila ridhaa yake sitasema. Akatoka nje akakaa muda mrefu, akarudi akasema, sema baba mdogo, lakini na la mama liingie.

Nilisema jana. Sauti ilikwama kwenye "shikamoo" nikasubiri mpaka ikarudi. Nilipofika kwenye mrusho wa dagaa, mama yangu mzazi, ambaye ana miaka themanini na mbili na tulimleta kwa gari, aliinua mkono palepale kwenye kiti akauonyesha, kiganja kimelegea.

Jioni watu walipopungua yule kijana alinifuata chini ya turubai. Nilidhani amechukia. Akaniuliza ile baiskeli ya mwaka 1985 ndiyo hii iliyoko stoo, au ni nyingine? Nikamwambia twende tukaiangalie. Ni ileile, Phoenix nyeusi, na kiti cha nyuma bado kina ile kamba ya mpira aliyonifungia nisianguke.