Mtu kanisahihishia sura nzima bure. Namlipaje?

Mgeni_wa_Sura:

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni mpya humu. Naandika hadithi ya mapenzi ya wanaume wawili, fundi wa piano na mwalimu wa hesabu. Niliweka sura ya kwanza nikaomba "maoni kidogo tu". Mwenzetu mmoja kanirudishia faili lina wino mwekundu kuliko mweusi. Kahamisha aya tatu. Kagundua mwalimu anavua miwani mwanzoni mwa sura, haivai tena, halafu anasoma barua yenye maandishi madogo akiwa ng'ambo ya chumba. Mwisho kabisa kaandika: "Nimempenda huyu fundi, usithubutu kumuua."

Nilipomuuliza bei kanicheka. Mimi sijazoea kufanyiwa hivi na mtu ambaye hata jina lake silijui. Namlipaje?

Na la pili, naona mnataniana sana. Mnawajua wahusika wa kila mtu, mnatakiana heri za siku ya kuzaliwa, mnagombana kuhusu nani aoane na nani. Mtu mpya anaingiaje bila kuonekana anajipendekeza?

Usiku_Mrefu:

Kabla ya yote, fundi umemuua au hujamuua? Tuanzie hapo.

Mzee wa Mkato:

Karibu mdogo wangu, na usimjibu huyo Usiku. Yeye ndiye aliyetuulia daktari wa mifugo katika aya ya mwisho kabisa ya hadithi ndefu, akaenda kulala. Watu walimnunia mwezi mzima.

Malipo ni rahisi kuyataja na magumu kuyatoa: msomee na yeye. Msome mpaka mwisho, kisha mwambie ulichokiona. Wengi wanaandika "kazi safi mkuu, tunasubiri mwendelezo". Hiyo ni salamu. Inapokelewa kwa heshima, lakini mwandishi hawezi kuifanyia lolote. Mwambie ulicheka wapi. Mwambie ni sentensi ipi uliirudia mara mbili, na kama uliirudia kwa utamu au kwa sababu hukuelewa ni nani katoka chumbani. Ukichoka njiani, mwambie ulichokea wapi. Mtu anayekuonyesha mahali alipochoka kakufanyia hisani kubwa kuliko anayekusifia kitabu kizima.

Tena sisi tuna taabu yetu maalumu, nawe utaikuta. "Alimshika mkono, akamvuta, akambusu." Nani kamshika nani? Anayeandika mapenzi ya mke na mume akibanwa hapo anakimbilia "yule dada" na mambo yanakwisha. Sisi tukikimbilia "yule mwanamume" tumerudi palepale. Ndipo mtu anaanza "yule mrefu", "yule mwenye ndevu", "yule mdogo wake kwa miaka miwili", na kufika katikati ya busu msomaji anahesabu watu wanne kitandani. Rudia jina. Jina halichoshi kama unavyodhani. Kazi ya kugundua mambo haya huwezi kuifanya peke yako, kwa sababu wewe kichwani unajua nani kamshika nani.

Wala jambo hili la kusomeana hatukulianzisha sisi. E. M. Forster alimaliza rasimu ya riwaya yake *Maurice* mwaka 1914. Wanaume wawili wanapendana, na mwishoni wanabaki pamoja, jambo alilolishikilia kwa nguvu. Kuichapisha hakuthubutu. England na Wales, mapenzi ya wanaume yalikuwa jinai bila kubagua mpaka 1967. Kitabu kilitoka 1971, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Katikati hapo nani alikisoma? Marafiki. Muswada ulipita mkono kwa mkono kwa zaidi ya nusu karne. Mmoja wao, Lytton Strachey, alimwandikia kwamba penzi la wale wawili lisingedumu. Forster alikuja kusimulia kwamba barua ile ilimfurahisha na kumkosesha raha kwa pamoja. Akaendelea kuirekebisha kazi ile, ikiwemo miaka ya 1930, na tena akiwa mzee wa miaka themanini.

Halafu wewe unashangaa miwani.

Binti_Wino:

Mzee kaongea, ila naomba nimpunguzie chumvi. Si kila anayeweka sura anataka wino mwekundu. Kuna anayeandika tukio la kumwambia mama yake ukweli, na tukio lenyewe alilipitia wiki iliyopita. Huyo usimwambie mazungumzo yamerefuka. Muulize kwanza: "Unataka nikusome vipi?" Swali dogo, linaokoa urafiki.

Kuhusu utani, ingia tu. Chagua mhusika wa mtu mmoja, muunge mkono hadharani, utaona maadui na marafiki wanavyokuja. Mimi niliingia kwa kumtetea askari mmoja msaliti ambaye kila mtu alitaka afungwe. Mpaka leo naitwa wakili. Na zile siku za kuzaliwa, nusu yake ni za wahusika. Mtunzi akitaja tarehe kwenye sura, imeshaingia kwenye kalenda yetu, hana namna.

Lakini kuna mstari mmoja hatuuvuki, na mgeni aujue mapema: hatuulizani majina halisi, kazi, wala mtu anaishi wapi. Wengine humu hawajulikani nyumbani kwao. Wengine wana wake. Mtu akisema mwenyewe, tunasikia na linaishia hapo. Akinyamaza ghafla, hatumfukui. Tunamwachia ujumbe kwamba sura yake inangojwa. Mmoja alipotea muda mrefu hivyo. Aliporudi hakueleza kitu, aliweka sura mpya. Watu wakaanza kubishana kuhusu sura. Nadhani ndivyo alivyotaka.

Nami niongeze la kwangu kwenye historia ya Mzee. New York, 1980 na 1981, kulikuwa na kundi la waandishi mashoga saba waliojiita Violet Quill. Edmund White, Andrew Holleran na Felice Picano walikuwemo. Walikutana majumbani mwao, wakasomeana kazi ambazo hazijakamilika, kisha wakala vitu vitamu. Inasimuliwa kwamba ushindani wa nani kaandaa keki bora ulikuwa mkali karibu sawa na wa maandishi. Walitaka wasikilizaji ambao hawahitaji kuelezwa mwanamume anampendaje mwanamume. Waende moja kwa moja kwenye sentensi. Kati ya 1988 na 1990 UKIMWI uliwaua wanne kati ya wale saba. Nikisikia mtu anasema kusomeana hadithi ni kupoteza muda, nawafikiria wale.

Usiku_Mrefu:

Daktari wa mifugo alikuwa lazima afe. Sitaomba radhi.

Mzee wa Mkato:

Binti, chumvi nimeipunguza. Ila askari yule bado ni msaliti.

Kalamu_Butu:

Haya, mwenye wino mwekundu ni mimi. Nilikuwa nimekaa kimya nione mtanipangia bei gani.

Mgeni, nilikufanyia vile kwa sababu sura yako ilikuwa nzuri. Mbovu huwa naiandikia mistari miwili ya kutia moyo na kupita. Ile aya fundi anapobonyeza noti moja, anasikiliza, halafu anamtazama mwalimu badala ya piano, sikuigusa hata herufi. Angalia tena faili, utaona.

Kama unataka kulipa, nina hadithi ya baharia na mlinzi wa mnara wa taa, imekwama. Wamegombana sura ya saba na sijui namna ya kuwapatanisha bila mmoja kuugua ghafla. Humu tumeshawafanya watu waugue vya kutosha. Kila penzi likikwama, homa. Nisomee kuanzia sura ya tano. Usinionee huruma.

Mgeni_wa_Sura:

Asanteni wote. Fundi yuko hai, Usiku, na ataendelea kuwa hai angalau mpaka sura ya kumi.

Kalamu, nilianza sura ya tano jana usiku nikajikuta niko ya saba. Nadhani hawahitaji homa. Mlinzi kakasirika kwa sababu baharia alisoma barua zake, lakini hakuna mahali baharia anapomwambia alichokisoma ndani yake. Wote wawili wanazunguka. Akisema tu sentensi moja ya ile barua kwa sauti, ugomvi utabadilika, hata kama hautaisha.

Na swali, samahani kama ni la kijinga. Pale ngazini wakati wa dhoruba, baharia ameshika taa, ameshika kamba, na ameshika mkono wa mlinzi. Huyu bwana ana mikono mingapi?

Kalamu_Butu:

Taa naitundika ukutani. Nitumie sura ya pili ukiwa tayari.